Giza la Omena

Jumamosi, 19 Oktoba 2013
Saa tisa kasoro usiku. Mwezi mpevu uko juu, na kivuli chepesi cha dunia kimeugusa. Ukitazama upesi huoni kitu. Baada ya nusu saa ndipo nimeona upande mmoja umefifia, kama kioo kilichopumuliwa. Ziwani hakuna taa hata moja. Mbalamwezi ikiwa hivi omena hawafuati karabai, kwa hiyo mashua zimelala mchangani.

Jumapili, 27 Oktoba
Zuhura inawaka juu ya maji kila jioni. Alfajiri nimeielekeza darubini kwa Mushtari: vinukta vyeupe vimejipanga ubavuni mwake. Ni miezi yake, ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mikono ilitetemeka, nikaegemea mlingoti wa mashua.

Jumatano, 30 Oktoba
Nimemkuta mzee mmoja akishona wavu pale ufuoni Dunga. Nikamwambia, "Mzee, Jumapili jua litapatwa."
"Jumapili ni giza kabisa, mwalimu," akajibu bila kuinua macho. "Siku hizo mwezi unatembea na jua mchana. Wakikutana, watafunikana."
Darasani nimelieleza hilo wiki nzima kwa chungwa na tochi. Yeye amelisema huku akifunga fundo. Jua haliwezi kupatwa ila wakati wa giza la mwezi, wala mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu. Anayevua omena anaishi kwa hesabu hiyo. Kuanzia sasa somo la mwezi nitalifundishia ufuoni.

Jumamosi, 2 Novemba
Nimezunguka soko la Kibuye nikitafuta kioo cha kuchomelea namba 14. Mafundi wawili walikuwa na namba 11 tu, nikakataa. Haitoshi kwa jua. Mwishowe nimekipata cha 14. Kesho kivuli kamili kitapita Pakwach, Uganda, kisha Turkana, na hata huko jua litafunikwa lote kwa muda usiofika nusu dakika. Hapa Kisumu litabaki kipande, na kipande hicho kinatosha kupofusha. Watoto nimewakataza filamu za eksirei, miwani ya jua na kioo kilichopakwa masizi. Ndani ya jicho hakuna maumivu ya kukuonya kwamba linaungua.

Jumapili, 3 Novemba
Mawingu yalitutesa hadi saa kumi na moja, kisha yakapasuka. Mwezi ulikuwa umeanza kulila jua kwa chini, upande wa kulia. Tulipokezana kioo, kila mtoto akihesabu hadi kumi. Lakini kilichonishika kilikuwa ndani ya banda la samaki. Ukuta wake wa magharibi ni mabati makuukuu yenye matundu ya misumari, na kila tundu lilichora hilali kwenye ukuta wa pili: hilali kadhaa wa kadhaa juu ya magunia, juu ya mizani, juu ya kanga ya mama aliyekuwa akipima omena. Akanyoosha kiganja, hilali moja ikatua humo. Akaitazama mpaka wingu likarudi.

Jumatano, 6 Novemba
Mwezi mchanga umeonekana, chini kidogo ya Zuhura. Mashua zimeshatoka, ila karabai bado hazijawashwa. Wavuvi wanangoja mwezi uzame, karibu saa tatu.