Gari la Kwanza: Mwulize Fundi Kabla ya Muuzaji

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeifundisha madarasani na kuitungia insha tusizoweza kuzihesabu. Yeyote anayetaka kuishuhudia kwa macho yake na azuru yadi za magari yaliyotumika. Yaliyopakwa nta yakametameta huwekwa mbele, milango wazi, redio zikiimba. Yanayoweza kumfaa mwalimu anayeanza maisha huegeshwa nyuma kabisa, na aghalabu hakuna anayeyasifu. Naandika insha hii kwa ajili ya wasomi wenzangu ambao, wakishapata kazi ya kwanza na leseni ya kwanza, watalazimika kuamua ni gari gani walinunue kwa fedha chache walizo nazo.

Kilichonisukuma mimi hakikuwa fahari. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili, Kaunti ya Kitui, na mama yangu ni mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki hana budi kufika hospitalini ili damu yake isafishwe kwa mashine. Kwetu ni mwendo wa takriban kilomita 30 kutoka mjini. Asubuhi bodaboda ilimfikisha. Jioni, akiwa hoi na shinikizo la damu limeshuka, kumkalisha juu ya pikipiki katika barabara ya vumbi kulikuwa kuicheza roho yake shere. Nayo teksi ilikuwa ikiumeza mshahara wangu kabla ya katikati ya mwezi. Ndipo nikaomba mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikapata shilingi 650,000. Nilijua fika kwamba gari likikataa kuwaka siku ya matibabu, hatari ingekuwa kubwa kuliko kuchelewa kazini.

Mdogo wangu, anayefanya kazi Nairobi, aliniletea picha za gari la Kijerumani lenye viti vya ngozi na paa la kioo. Bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wangu. "Dada," akaniambia, "hili ndilo gari la mtu mwenye shahada mbili." Sikumlaumu, kwani kipya kinyemi ingawa kidonda. Hata hivyo, nilimwomba atafakari ni kwa nini gari la kifahari liuzwe kwa bei ya gari la kawaida. Kadiri gari linavyozeeka, bei ya kulinunua hushuka. Bei ya vipuri vyake haishuki nayo. Anayenunua gari la aina hiyo kwa bei ya chini hubaki na gharama za matunzo za gari la tajiri huku akiutegemea mshahara wa mwalimu. Mdogo wangu alikasirika, tukakaa majuma mawili bila kupigiana simu.

Katika majuma hayo sikurudi yadini. Kila Jumamosi nilikwenda kuketi katika gereji moja ya juakali mjini Kitui. Sikumwuliza fundi gari lipi ni zuri, kwa maana kila mtu ana pendeleo lake na mwamba ngoma huvutia kwake. Nilimwuliza ni magari gani hulala pale siku nyingi, na ni kitu gani yanachosubiri. Akacheka, akapangusa mikono. "Mwalimu, magari yote huharibika. Linalolala hapa ni lile ambalo kipuri chake hakipatikani mjini." Akanionyesha gari moja maridadi, limejaa vumbi, likisubiri kifaa kilichoagizwa ng'ambo. Kando yake palikuwa na Toyota tatu kuukuu. Kufikia alasiri zote zilikuwa zimeondoka.

Jibu hilo lilinifunza kwamba kutegemeka kwa gari hakumo katika chuma peke yake. Kumo pia katika wingi wa magari ya aina hiyo nchini, katika mazoea ya mafundi, na katika duka la vipuri lililo karibu. Wingi huo una sababu zake. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani wao uko kulia. Sheria za Kenya nazo haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotimiza zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Hivyo magari madogo ya Kijapani ambayo hayajachakaa sana yamefurika nchini. Corolla ilianza kuuzwa mwaka 1966, na kufikia 2021 ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 50 duniani. Vitz ilizinduliwa mwaka 1999. Probox, iliyozinduliwa mwaka 2002, iliundwa mahususi kwa kazi za kibiashara na kubeba mizigo. Vipuri vya magari haya hupatikana kuanzia Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hadi katika vituo vidogo vya biashara mashambani.

Nikaamua kutafuta Probox ya injini ya sentimita za ujazo 1,500. Si gari la kugeuza shingo za watu. Kioo chake cha mbele ni kipana, bodi yake ni rahisi kuikadiria wakati wa kuegesha, na nguvu zake hazimshawishi dereva mgeni kufanya ujuba. Mlango wa nyuma hufunguka juu, kiti cha magurudumu kikaingia bila taabu. Katika ile 650,000 niliazimia kutovuka 570,000 kwa bei ya gari. Zilizosalia nilizitenga kwa bima, uhamisho wa umiliki, na matengenezo ya mwanzo. Anayemaliza fedha zake zote yadini huanza udereva akiwa mdeni wa fundi.

Mwanafunzi wa fasihi hapaswi kuogopa kulikagua gari, kwa kuwa amezoea kusoma matini na kushuku msimulizi. Kipimo cha kilomita, kwa mfano, ni msimulizi asiyeaminika, maana kinaweza kurudishwa nyuma. Tulikilinganisha na pedali, usukani na kiti cha dereva: gari linalodai kilomita chache ilhali mpira wa pedali umelika kabisa linajipinga lenyewe. Tulifika asubuhi, tukataka injini iwashwe ingali baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema huweza kuficha maradhi yake. Moshi wa samawati huashiria kwamba oili inaungua ndani. Moshi mweupe mzito usiokoma huashiria kwamba maji yanapenya mahali yasipostahili. Tukifungua kifuniko cha oili na kukuta rangi ya chai ya maziwa, tulifunga boneti na kuaga. Tulitazama kama tairi zimelika upande mmoja, na kama rangi ya mlango inatofautiana na ya bodi, jambo linaloweza kudokeza ajali. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne za juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Magari mawili ya kwanza tuliyakataa. La tatu tulilijaribu barabarani, likipanda mlima na kushuka, redio ikiwa imezimwa ili tulisikie.

Hati nazo zilihitaji macho makali. Namba ya chesisi iliyochongwa kwenye gari sharti ilingane na iliyo katika kitabu cha umiliki. Nilitafuta rekodi za gari kupitia mfumo wa NTSA mtandaoni ili nijue mmiliki halisi, na kama kuna mkopeshaji aliyeandikishwa pamoja naye. Aliyenunua gari lililowekwa rehani huenda akanyang'anywa lingali na harufu ya sabuni ya yadi. Fedha sikuzitoa mpaka muuzaji alipoanzisha uhamisho wa umiliki nami nikiwa kando yake. Nikakata bima ya wahusika wengine, ambayo ndiyo ya lazima kisheria, kabla gari halijagusa barabara.

Sasa ni mwaka wa pili. Gari hilo limeharibika mara mbili, na natarajia litaharibika tena. Mara ya pili ilikuwa Jumatatu jioni: kifaa cha kuchaji betri kilikufa, na kesho yake ilikuwa siku ya matibabu. Fundi alikipata kingine mtaa wa pili, akakifunga kwa mwanga wa tochi. Saa kumi na mbili asubuhi Mama alikuwa amekwisha kuketi kitini mwake, mkanda umefungwa, akilalamika kwamba namchelewesha. Mdogo wangu alipotutembelea mwezi wa Desemba, alilizunguka gari kimya, kisha akaomba ufunguo ili amrudishe Mama hospitalini yeye mwenyewe.

Kila mwisho wa mwezi huweka shilingi 3,000 kando kwa ajili ya oili, breki na tairi, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Wasomi wenzangu, mnapoanza kutafuta gari la kwanza, msitangulie yadini. Tangulieni katika gereji iliyo karibu na kwenu, mketi, mhesabu magari yanayoingia asubuhi na yanayotoka jioni. Chagueni miongoni mwa hayo yanayotoka.