Mgongo, eksirei kwanza

Wadau, tangu matatu niliyopanda igongwe kwa nyuma pale Changamwe, mgongo wangu hautaki kabisa kiti cha kompyuta. Jamaa wa ofisini wananihimiza niende kwa kairopraktiki, ile tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono aliyoianzisha D. D. Palmer kule Marekani mwaka 1895. Sawa, wapo inaowasaidia. Lakini ule mlio wa "ta!" si mfupa unaorudi mahali pake, ni gesi tu ndani ya maji ya kiungo. Na pingili iliyovunjika ikisukumwa, ni balaa! Hata programu hatuigusi kabla ya kusoma logi, sembuse mgongo. Nikapiga eksirei, ikatoka safi. Ukihisi ganzi mapajani, au mkojo ukakataa kutoka, usingoje kesho, kimbia hospitali. Mimi jioni natembea mpaka kivuko cha Likoni, polepole.