UPELE UMEKAUKA, LAKINI UCHUNGU UMEBAKI

 

Somo la leo ni Ayubu 30:16-17 na 2 Wakorintho 12:7-10. Chukua Biblia yako usome kwanza, kisha urudi hapa tuongee.

Leo naongea na wewe uliyeugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yalipasuka, yakakauka, maganda yakaanguka. Watu wakakuambia, "Sasa umepona, Mungu ni mwema." Nawe ukaitikia kwamba ni mwema wakati wote. Lakini usiku ukifika, pale pale ubavuni moto unawaka. Shuka likikugusa unaruka kama mtu aliyeguswa na stima. Hakuna kidonda cha kuonyesha, na kwa sababu hakuna cha kuonyesha, umeanza kunyamaza.

Usinyamaze. Mimi nimekaa na uchungu huo miezi 11, upande wa kushoto, kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Hata leo nikitoka kwenye kesha bila kulala, unakuja kubisha hodi. Sikuhubirii jambo la kusikia.

Tuanze na ukweli wenyewe, maana ugonjwa huu umezungushiwa uongo mwingi.

Mkanda wa jeshi hautupwi na jirani. Unaletwa na virusi vile vile vya tetekuwanga. Ulipougua tetekuwanga utotoni ukapona, virusi havikutoka mwilini. Vilijificha kwenye mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo, vikalala huko miaka 20, 40, hata 60. Kinga ya mwili ikishuka kwa sababu ya umri, maradhi, au dawa kali kama zile za saratani, vinaamka na kufuata neva hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana kwa kawaida upele hukaa upande mmoja tu. Wazee walituambia mkanda ukizunguka ukakutana, mtu anakufa. Mpendwa, neva za kushoto huhudumia kushoto, na za kulia huhudumia kulia. Acha kulala ukipima umebaki inchi ngapi.

Kuna pia lile la kunong'onezana nyuma ya kanisa. Mtu akionekana na mkanda wa jeshi, wengine tayari wamemhukumu kwamba ana ukimwi. Ni kweli virusi vya ukimwi hushusha kinga na vinaweza kuamsha mkanda wa jeshi, kwa hivyo daktari akikushauri upime, nenda upime bila woga. Lakini wengi wanaougua hawana ukimwi. Kule Marekani wanakadiria kwamba mtu 1 kati ya 3 atapata ugonjwa huu maishani mwake. Na ukipimwa ukapatikana na virusi, kanisa ni lako bado, na kumeza ARV kila siku si kumkana Yesu.

Sasa, kwa nini uchungu unabaki?

Fikiria waya wa stima uliotafunwa na panya ndani ya ukuta. Fundi anaweza kupaka ukuta rangi mpya ukapendeza, lakini waya ule ndani bado unatoa cheche. Ngozi yako ni ule ukuta. Neva yako ndiyo waya. Virusi viliiumiza, sasa inatuma habari za moto mahali ambapo hakuna moto. Kwa hivyo hujifanyi, hujachanganyikiwa, na huna pepo la uchungu. Una neva iliyojeruhiwa, na neva hupona polepole. Uchungu ukipita miezi 3 tangu upele utokee, madaktari wanauhesabu kuwa ugonjwa wake wenyewe, wenye matibabu yake.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Panadol peke yake mara nyingi haitoshi kwa uchungu wa neva. Usiongeze vidonge juu ya vidonge kutoka kwa kemisti. Rudi hospitali umwambie daktari maneno haya: "Nilikuwa na mkanda wa jeshi, upele umeisha, lakini bado nachomeka." Ziko dawa zinazotuliza neva, kama amitriptilini, gabapentini na pregabalini. Ziko pia dawa za kupaka juu ya ngozi iliyokwisha kupona.

Ukipewa amitriptilini, usishtuke mtu akikuambia ni dawa ya watu wenye huzuni ya akili. Ndiyo, hutumika huko pia. Kwa dozi ndogo ya usiku hutuliza neva. Italeta usingizi, itakausha mdomo. Mwambie daktari kama una shida ya moyo, ya macho, au ya kukojoa, na kama umri umesonga, maana dawa hizi zinaweza kuleta kizunguzungu na mzee akaanguka. Zipe wiki kadhaa zifanye kazi. Usiziache ghafla kwa sababu umeombewa Jumapili. Maombi na daktari hawagombani.

Soma Isaya 38. Mungu alimwahidi Hezekia miaka 15 zaidi. Ahadi ilikuwa imeshatoka kinywani mwa Bwana. Na bado nabii Isaya akaagiza tini zipondwe ziwekwe kwenye jipu la mfalme. Nabii ndiye aliyeagiza dawa! Hezekia hakusema, "Nikipaka tini nitaonekana sina imani." Alipaka.

Na nyumbani fanya haya madogo. Vaa pamba laini karibu na ngozi. Wengine husaidika wakijifunga leso vizuri ili nguo isisuguesugue. Tumia kitambaa kilicholowekwa maji baridi, lakini usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Linda usingizi wako. Tembea kidogo kila siku hata kama hujisikii. Na angalia ni nini kinachouamsha: baridi, uchovu, au mawazo mengi. Wangu huamka nikikosa usingizi, kwa hivyo siku hizi baada ya kesha nalala, na simu inalala pia.

Kama mkanda ndio kwanza umetokea leo, usisubiri. Dawa za kupunguza nguvu ya virusi, kama asaiklovia, hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Mama Mchungaji ndiye aliyenisukuma kwenda siku ya pili, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Usipake majivu, mafuta taa wala dawa ya meno. Funika upele, na usikae karibu na mama mjamzito au mtoto mchanga, maana maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Ukitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, unaweza kupoteza macho. Na wewe uliyefikisha miaka 50, iko chanjo ya dozi 2. Muulize daktari wako.

Neno kwa wahudumu wa maombi: kabla ya kumwekea mtu mikono, muulize ni wapi panapouma. Nimeona mtu akipigwa mgongoni kwa upako, machozi yakamtoka, tukadhani ni Roho Mtakatifu. Weka mkono begani, upande usiouma. Mungu atasikia.

Neno kwa familia: rafiki za Ayubu walifanya vizuri sana siku 7 za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema kitu. Walianza kuharibu walipofungua midomo kueleza kwa nini anaumwa. Usimuulize mgonjwa wako ametenda dhambi gani. Mchemshie chai. Mpe blanketi lake la peke yake asiguswe usiku.

Na neno kwako uliyesimama madhabahuni ukashuhudia kwamba Bwana amekuponya, kisha uchungu ukarudi: hukudanganya. Upele ulikauka kweli, na hilo lilikuwa la kushukuriwa. Usiuondoe ushuhuda wako kwa sababu kazi haijaisha. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Hakuondolewa. Alipewa neema ya kutosha kuishi nao, na nguvu ya Kristo ikakaa juu yake akiwa bado anachomwa. Mimi bado naomba uponyaji kamili, wangu na wako. Naamini Yesu anaponya. Lakini sitakuambia kwamba kila usiku unaoumwa ni ushahidi kwamba huna imani. Mtu anayemwita Yesu saa nane za usiku, akiwa ameketi kitandani kwa sababu hawezi kulala upande mmoja, huyo ana imani kuliko wengi tunaoimba tukiwa wazima.

Kama uchungu umekufikisha mahali unatamani kufa, tafadhali mwambie mtu leo. Nipigie, mwambie daktari, mwambie dada yako. Eliya alipotamani kufa chini ya mti, Mungu hakumkemea. Alimpa mkate, maji na usingizi, kisha akamwamsha aendelee na safari.

Tuombe:

Baba, katika jina la Yesu, nakuletea mtoto wako huyu ambaye uchungu wake hauonekani na watu. Wewe uliyeziunda neva zake, zitulize. Mpe usingizi usiku wa leo. Wape madaktari hekima, dawa zifanye kazi, na wa nyumbani mwake wawe na subira. Palipo na aibu, weka amani. Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA. Na kama unamjua mtu anayeumia kimya kimya, mtumie asome.

Ubarikiwe, mpendwa. Tuonane Jumapili ibadani. Kama huwezi kuketi kwa muda mrefu, njoo hivyo hivyo. Kiti cha nyuma karibu na mlango nimekuwekea.