Kupiga Picha za Usiku Kitengela na Kajiado

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara ya Namanga hupita Athi River, kisha hufika Kitengela, mwendo wa kilomita 30 hivi. Hapo zamani palikuwa na uwanda wazi wa malisho wa Wamasai wa Kaputiei. Wakati wa mvua nyumbu na punda milia walitoka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, wakaenea uwandani. Siku hizi pana mji mkubwa, na nchi imekatwa kwa seng'enge.

Apendaye kupiga picha za filamu hapa baada ya magharibi hana budi kujua kwamba filamu huchoka. Mchana, mwanga ukipungua nusu, muda huongezwa mara mbili, na hesabu hutimia. Lakini muda ukizidi sekunde chache hesabu hiyo hupunguka, maana mwanga hafifu haushiki vema. Karl Schwarzschild, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, alilichunguza jambo hili mwishoni mwa karne ya 19. Kwa filamu ya Ilford HP5 Plus, kanuni ya watengenezaji ni hii: kipimio kikionyesha sekunde 10, filamu ipewe 20, kikionyesha 30, ipewe karibu 86. Asiyeongeza, filamu ikisafishwa ataona picha iliyopungukiwa mwanga.

Kamera na isimame juu ya miguu mitatu, na mfuko wa mawe uning'inizwe chini yake, kwa kuwa upepo wa uwanda una nguvu.

Lakini angalia: katika sekunde hizo 86, mchungaji akipita na ng'ombe wake hawatatokea pichani. Seng'enge, nguzo na nyumba zitatokea dhahiri. Hivyo picha yaweza kumshuhudia aliyejenga, ikamsahau anayehama na mifugo. Atakaye kumwonyesha mchungaji na ampige jua lingaliko, tena kwa idhini yake.

Kwa picha za nyota, Kitengela hapafai, maana taa za mji na za Nairobi hung'arisha mbingu. Afadhali kupita Isinya hadi nje ya mji wa Kajiado. Elekeza kamera mashariki, uiache wazi saa nzima. Nyota husogea nyuzi 15 kwa saa, na kwa kuwa Ikweta i karibu, huchora mistari iliyosimama karibu wima, tofauti na Ulaya, ambako hupanda kwa mshazari.

Andika kila muda katika daftari. Tena usikawie kwenda, kwani taa nazo zaendelea kusini mwaka hata mwaka.