Stika Inasema i7, Shughuli Inakataa: Kilichomkuta Mkali wa Video wa Sinza

Wapenzi wa video za Bongo Fleva wanazijua kazi zake, ila jina liwe kapuni. Kijana ana miaka ishirini na kitu, mkono mwepesi, akikupangia rangi kwenye video unajiuliza kama kweli hapa ni Sinza. Shida ilikuwa moja: studio haikuwa yake. Video ikitoka, jina linalosomwa ni la bosi, na malipo ni yale ya "shika hii kwanza, nyingine wiki ijayo."

Ikafika siku akasema basi, najitegemea.

Pale studio alizoea kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i7, kizazi cha 13. Akaingia Kariakoo, akaonyeshwa laptopu nyembamba kama daftari, stika inang'aa: Core i7, kizazi cha 13. Muuzaji akamaliza mchezo: "Kaka, hii ni mashine ile ile, tofauti yake hii unatembea nayo." Hela hana. Dada yake mwenye saluni akaenda kumkopea kwenye kikoba, milioni 3, marejesho kila Jumamosi. Usiku huo huo jamaa akaweka picha ya laptopu status, na kijembe kidogo cha kumlenga bosi. Bosi akaona, akanyamaza.

Kazi ya kwanza ikaja haraka. Staa mmoja wa kike, naye kapuni, alishawatangazia mashabiki kwamba video inatoka Ijumaa saa sita mchana. Alhamisi usiku jamaa kamaliza kukata, kaweka rangi, kabonyeza kurenda, ile hatua ya mwisho ambapo kompyuta inaipika kazi nzima iwe faili moja. Mwanzo ulikwenda fasta, akatabasamu. Baada ya muda mfupi feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga, kasi ikashuka. Video ambayo studio ingetoka kwa dakika 40 hivi, laptopu ikaandika saa mbili na nusu. Ikatoka alfajiri. Staa akaangalia: "Hapa kwenye gauni rangi imepauka, rekebisha." Saa mbili na nusu nyingine. Akakuta jina limekosewa. Tena.

Video ilitoka Ijumaa jioni kigiza kimeshaingia, mashabiki wameshatukana mpaka wamechoka. Staa akalipa nusu. Jumamosi dada akaenda kikoba na hela ya saluni ili kufunika pengo.

Muuzaji hakudanganya stika. Zote mbili ni i7 kweli, tena za kizazi kimoja. Ila stika haionyeshi jina zima. Ile ya studio ni Core i7-13700K, ya laptopu ni Core i7-1355U. Hiyo herufi ya mwisho ndiyo yenye habari yote. Prosesa ya mezani ina viini 16, vikubwa 8 na vidogo 8. Ya laptopu ina viini 10, lakini vikubwa ni 2 tu, vingine vyote ni vidogo vya kusaidia kazi nyepesi. Kwa kasi ya juu kabisa hazipishani sana, GHz 5.4 kwa 5.0, na hiyo ndiyo namba muuzaji anayopenda kukusomea. Namba ya msingi haisomi: 3.4 kwa 1.7. Nusu!

Halafu kuna umeme, ambao ndio mzizi wa yote. Ile K imepangwa kwa wati 125, na ikikazana inaruhusiwa kufika 253. Ile U imepangwa kwa wati 15, ikikazana 55, tena kwa muda mfupi tu. Kila wati inayoingia kwenye prosesa inageuka joto, na joto lazima litoke. Kwenye kompyuta ya mezani kuna feni kubwa, chuma kizito cha kupoozea na nafasi ya hewa kupita. Kwenye laptopu nyembamba kuna kifeni kama kifuniko cha chupa ya maji, halafu umeiweka juu ya godoro, Dar, mwezi wa pili. Prosesa zote hizi mbili kikomo chake ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Ndiyo maana asilimia za mwanzo zinakimbia na zinazofuata zinatambaa.

Ukiwa unaandika barua, unaperuzi au unaangalia muvi, hutaona tofauti yoyote, maana kazi hizo ni za kukimbia hatua mbili na kupumzika. Kurenda ni mbio ndefu. Na hapo kadi ya picha ya studio bado haijaingia kwenye hesabu.

Laptopu za maana zipo, watu wasitishane. Tafuta herufi H, ambayo imepangwa kwa wati 45, au HX yenye 55. Core i9-13980HX ya laptopu ina viini 24, sawasawa na i9-13900K ya mezani. Ila ya laptopu mwisho wake ni wati 157, ya mezani 253, na laptopu yenyewe inakuwa nene, chaja yake kama tofali, bei usiulize. Hata Apple mwaka 2020 waliweka chipu moja, M1, kwenye MacBook Air isiyo na feni na kwenye Mac mini yenye feni. Kazi fupi zinalingana. Kazi ikirefuka, Air ndiyo inayochoka.

Dada mtu hizi herufi hazijui, ila swali alilouliza lilikuwa kali: "Sasa mdogo wangu, hiyo ya bosi wako haikodishwi?"

Jamaa akameza kiburi, akafuta ile status, akampigia bosi. Sasa hivi anakata video kwenye laptopu kwa kutumia nakala nyepesi za picha, popote alipo, hata umeme ukiwa umekatika. Usiku anapeleka kazi studio, mashine ya mezani inavuta faili zenyewe nzito na kurenda, analipia kwa saa. Kwenye video linaandikwa jina lake.

Bosi alimpa sharti moja tu: "Dogo, UPS hapa imekufa. Umeme ukikatika katikati ya kazi yako, saa zangu nahesabu vilevile."