Mwaka wa Ruzuku na Mwaka wa Korosho

Nimezaliwa Newala na kazi yangu iko Masasi, ambako nawafundisha saikolojia walimu tarajali. Ndani ya saikolojia nimejikita katika swali moja: mtu anajijuaje? Anajiona kuwa nani, nani alimfundisha kujiona hivyo, na sura hiyo hubadilika lini? Fani hii ina watu wachache nchini na haina fungu lake la fedha, kwa hiyo anayeipenda hulazimika kujifunza pia kuomba ruzuku. Nimeandika maombi yangu mwenyewe, na nimewatembeza vijijini watafiti waliokuja na fedha zao. Baada ya yote hayo nina jambo moja la kusema: ruzuku huamua ni nafsi ya namna gani itakayoonekana, hata kabla mtafiti hajapanda gari.

Kwa anayeuliza swali hilo, huku kwetu hakukosi cha kutazama. Mtoto wa Kimakonde huingia jandoni au unyagoni na jina moja, akatoka na jingine. Ukimwita kwa jina la utotoni baada ya hapo, umemvunjia heshima. Ukoo wake huhesabiwa kwa mama, na mjomba ana neno zito juu ya maisha yake. Masasi nayo ina yake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika hapa na kundi la watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar, watu waliotenganishwa na koo zao, ikawabidi waanze upya kujua wao ni nani. Nusu karne baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alikuwa akisimamia jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Aliona kwamba kijana asiyepitia jando hakubaliki kwao kuwa mtu mzima.

Fedha za kuuliza maswali zilianza kufika mapema. Mwaka 1906, majeraha ya Maji Maji yakiwa bado mabichi, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita Masasi na Newala kwa fedha za Serikali ya Ujerumani, akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya filamu. Alinasa nyimbo, akaeleza likumbi, yaani jando la wavulana, na chiputu, unyago wa wasichana, akafunga masanduku yake akaondoka. Kitabu chake kilitoka 1908. Namtaja kwa sababu ratiba yake, ya kuja miezi michache na kurudi kwenda kuandika, ndiyo ratiba ya ruzuku nyingi hadi leo.

Siku hizi milango ya kuombea fedha imeongezeka. Nchini kuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986, pamoja na mfuko wa MTUSATE. Barani kuna mashirika ya utafiti wa sayansi ya jamii: CODESRIA ya Dakar, iliyoanza 1973, na OSSREA ya Addis Ababa. Kutoka nje, Social Science Research Council ya New York imewahi kuwapa ruzuku wahadhiri wanaosomea uzamivu katika nchi chache za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa mada za amani, usalama na maendeleo. Katika mada hizo mtu anayejitafuta hana kifungu chake. Basi sisi huingia kwa jina la wengine. Ukitaka kujua msichana anajionaje baada ya unyago, unaandika kuhusu mimba za utotoni na utoro wa shule. Ukitaka kujua kijana wa Newala aliyehamia Dar es Salaam anajiita mtu wa wapi, unaandika kuhusu ajira. Mimba na utoro ni matatizo ya kweli, walimu ninaowafundisha watayakuta darasani. Lakini ombi likishaandikwa hivyo, unyago unaingia katika utafiti ukiwa mshtakiwa. Dodoso litauliza umeharibu nini, na halitauliza umemjenga nani.

Kisha kuna suala la kalenda. Mwaka wa ruzuku ni miezi 12, na mara nyingi unahesabiwa tangu barua ya ushindi. Huku mwaka wetu unahesabiwa kwa mashamba. Baada ya mavuno ya chakula, miezi ya baridi, ndipo watoto huingizwa jandoni na unyagoni, na siku hizi wengi husubiri likizo ya Juni au ya Desemba. Korosho huokotwa kuanzia Septemba, minada ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU hufunguliwa Oktoba, na malipo yake ndiyo hugharamia ngoma, nguo mpya na wageni. Msimu ukiwa mbaya, familia huahirisha hadi mwaka unaofuata. Sasa fikiria mtafiti aliyepata barua Januari. Atasubiri idhini ya maadili, kisha kibali cha utafiti, kisha barua ishuke kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa kwenda wilayani, katani na kijijini. Akifika, wali, yaani watoto walioingizwa, wameshatolewa. Atahoji waliotoka na kuripoti wanachokumbuka. Swali lenyewe la fani, yaani mtu hujiona vipi kabla na baada, na hiyo baada hudumu kiasi gani, limeshampita, na fedha za msimu wa pili hana.

Fomu ya ridhaa ina ugumu wake. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hivyo mzazi au mlezi husaini. Ni kanuni njema na lazima ifuatwe. Ila katika nyumba nyingi za huku, baba akisaini bila mjomba kuambiwa, karatasi imekamilika na kijiji hakijaridhika. Kazi yangu ninapowasindikiza watafiti ni kuhakikisha tumekaa kwanza na mjomba na kungwi, mwalimu wa wali. Kikao hicho hula siku nzima, na sijaona bajeti iliyokiwekea fungu bila kushurutishwa. Tena kungwi, ambaye ndiye mtaalamu wa jambo linalochunguzwa, hupewa sabuni na sukari kama mhojiwa, wakati anayenakili maneno yake hulipwa posho.

Hata kipimo chenyewe hufuata fedha. Mwaka 1954 Kuhn na McPartland, Wamarekani, walitunga zoezi la kumtaka mtu ajibu mara 20 swali la “Mimi ni nani?” Mwaka 1997 Ma na Schoeneman walichapisha matokeo ya zoezi hilo nchini Kenya: Wamasai na Wasamburu walijieleza zaidi kwa nafasi zao katika jamii, ilhali wanafunzi wa chuo Nairobi walisogea upande wa Wamarekani. Nimelitumia mara nyingi. Msichana yuleyule akiwa darasani, amevaa sare, huandika kwamba ni mpole na anapenda hisabati. Ugani kwa bibi yake, hutaja kwanza yeye ni mjukuu wa nani na nani alikuwa somo wake. Majibu yote mawili ni ya kweli. Lakini darasani napata watoto arobaini kwa saa moja, na ugani napata wawili kwa siku. Mkaguzi wa bajeti atachagua darasa, na dunia itasoma kwamba watoto wa Newala wanafanana na wa kwingine. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alionyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makuu sita ya saikolojia ya Marekani walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Hawa wetu wachache wanaoingia, huingia wakiwa wamevaa sare.

Tuzo hazisaidii sana. ISSI, chama cha kimataifa cha watafiti wa nafsi na utambulisho, huwatuza chipukizi pamoja na waliotumikia fani maisha yao yote. Serikali yetu imeanza kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa, hadi Sh50 milioni, na ilipoanza ilitazama sayansi, hisabati na tiba. Ni hatua nzuri. Lakini tuzo humtafuta mwenye jina juu ya makala, na makala ya haraka hutokana na darasa. Anayengoja misimu miwili ana kurasa chache za kuonyesha.

Nawaambia vijana wa Newala, Tandahimba na Nanyumbu wanaoandika maombi: anza na kalenda ya kijiji, kisha hesabu miezi ya mfadhili kurudi nyuma. Omba idhini na vibali mapema, vikusubiri wewe. Mweke kungwi kwenye safu ya wataalamu, kwa malipo ya wataalamu. Weka fungu la kikao cha wajomba na fungu la kurudisha matokeo kijijini, na ueleze sababu kwa sentensi fupi, maana msomaji wa ombi hajawahi kufika huku. Na mfadhili akisema bajeti ni kubwa, mwambie apunguze vijiji, asiguse msimu wa pili.