Hatua Thelathini za Babu

Babu yangu alikuwa na gobore. Kule Sikonge, kusini mwa Tabora, alilishindilia kwa mti mrefu: kwanza baruti, kisha kitambaa, kisha vipande vya chuma alivyovikata mwenyewe, kisha kitambaa tena, na mwisho fataki. Kazi hiyo ilichukua muda ambao swala aliyekoswa angekuwa ameshahama wilaya. Kwa hiyo babu hakuwa na risasi ya pili, na alijua hana. Alinyatia mpaka hatua thelathini, akasema Bismillahi, akafyatua. Moshi mweupe ulitanda, nami nikaona mgongo wake tu ukipotelea humo, kisu mkononi, anakimbia amuwahi mnyama angali na uhai amchinje.

Hesabu hiyo ya hatua thelathini nilikuja kuisahau. Ilinichukua miaka kumi ya Marekani kuikumbuka.

Nilianza kuwinda mwaka 2010, nikiwa nimeshakaa Columbus, Ohio, miaka miwili. Mwenzangu kazini, ghalani, alikuwa na baba anayelima mahindi na soya katika kaunti ya Coshocton, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Kulungu walikuwa wanamlia mzee yule shamba zima. Akanipa ruhusa ya maandishi, maana Ohio huingii shamba la mtu na bunduki kwa kupungiwa mkono tu. Nikasoma kozi ya usalama wa uwindaji, nikafaulu mtihani, nikakata leseni na kibali cha kulungu.

Jina la mnyama mwenyewe lina mjadala. Waswahili wa Columbus wengine humwita swala, wengine paa. Mimi nimeshikilia kulungu kwa sababu kamusi ndivyo inavyosema, ingawa kulungu wa kwetu pembe zake ni za kudumu, na huyu wa mkia mweupe pembe humwanguka kila mwaka zikaota upya. Ohio walimwinda mpaka akaisha kabisa, mwaka 1904. Msimu ulifunguliwa tena mwaka 1943, katika kaunti tatu tu. Leo wanaingia mpaka kwenye bustani za watu mjini kula maua.

Nilidhani nitanunua raifo ya .30-06, risasi ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1906 na ambayo Theodore Roosevelt aliibeba hadi Mombasa miaka mitatu baadaye. Kumbe Ohio hairuhusu kwa kulungu. Ukivuka mto ukaingia Kentucky ni ruksa, lakini huku ni hapana. Nchi imejaa mashamba, nyumba na barabara, na risasi ya .30-06 iliyokosa inaweza kusafiri kilomita kadhaa kabla ya kutua kwa mtu asiyehusika. Wakati ule tulioenda na bunduki msimu wa kulungu tulikuwa na shotgani, gobore, au bastola za aina fulani. Basi.

Nikanunua shotgani ya geji 12 yenye mtutu laini. Haikuwa ya marisau, maana kulungu hapigwi kwa marisau. Ilikuwa ya risasi moja nene ya plumbi, gramu 28. Sheria ilitaka zisizidi tatu ndani ya bunduki. Kile kitu kinapiga teke! Siku ya kulenga shabaha nilipiga sita, bega likawa la zambarau wiki nzima, na ubaya wake si maumivu. Ubaya ni kwamba mwili unakumbuka. Novemba hiyo kulungu dume alisimama mbele yangu mita hamsini, ubavu wazi, nami nikafumba macho kabla sijavuta. Risasi ilipiga udongo. Alinitazama kidogo, kama anayeuliza kulikoni, akaondoka kwa kutembea. Misimu minne nilipata wawili tu, na wote walikuwa karibu sana.

Mwaka 2014 mambo yakabadilika. Ohio iliruhusu raifo, lakini kwa risasi zenye ganda lililonyooka peke yake. Risasi ya kawaida ya raifo ganda lake lina shingo kama chupa ya soda: tumbo pana linabeba baruti nyingi, shingo nyembamba inasukuma kichwa kidogo kwa kasi kubwa. Ganda lililonyooka ni kama kipande cha mwanzi, upana mmoja toka kitako hadi mdomo. Baruti ni kidogo zaidi, risasi inachoka mapema na kuanguka. Ndicho walichokitaka.

Orodha ya zilizoruhusiwa ilikuwa ndefu, nami nikampigia simu mjomba. Mjomba alikuwa askari wa wanyamapori, amestaafu, yuko Tabora mjini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Huyo mnyama ana uzito gani?"

Nikamwambia dume mzuri anafika kilo mia, kisha nikamuuliza wao walibeba nini.

"Sisi tulitembea na raifo za .458," akasema. "Tembo, nyati, wote wanalala."

Nilikata simu nikiwa nimeshaamua. Katika orodha kulikuwa na .45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, iliyozaliwa na grani 70 za baruti nyeusi. Na kichwa chake kina upana ule ule wa .458 ya mjomba! Ule ule kabisa. Nilipenda kuwaambia watu hivyo msikitini, baada ya Ijumaa. Sikupenda kuwaambia kwamba ile ya mjomba ilirusha kichwa kizito zaidi, kwa kasi kubwa zaidi kwa mbali. Kasha nililonunua lilikuwa la risasi zenye kichwa cha grani 405, na mwendo wake ulikuwa wa kizee. Ukiilenga sawasawa kwa mita 100, ikifika 200 imeshaporomoka zaidi ya nusu mita. Mchuuzi alinieleza, nami nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa natazama unene tu.

Msimu wa 2016, jioni, jike alitoka ukingoni mwa soya iliyokwisha vunwa. Nilikadiria mita 120. Kesho yake nilipozipima kwa hatua zilikuwa 170. Nilisema Bismillahi, nikavuta, nikaona mguu wa mbele unaning'inia. Akaingia msituni. Tulimfuata kwa matone ya damu mpaka giza, na mzee mwenye shamba akasema tumwache alale, tukimsukuma atavuka kijito. Asubuhi tulimkuta amekufa, mbweha wa huku wameshaanza mapajani. Mashehe wana maneno yao kuhusu mnyama aliyekufia mbali na macho yako. Mimi sikumla. Mzee alichukua alichoweza kuokoa, hakunilaumu, ila alichomoa ganda langu kubwa toka mfukoni mwangu, akaligeuza kwenye mwanga, akauliza mimi nilikuwa natarajia kukutana na nani humo shambani kwake.

Sikuwinda mwaka uliofuata.

Mwaka 2019 Winchester walitoa 350 Legend. Waliitengeneza waziwazi kwa ajili ya majimbo kama Ohio: ganda limenyooka, upana wa kichwa unakaribia ule wa bastola ya milimita 9, uzito grani 150 hivi. Niliidharau. Lakini binti yangu alikuwa anatimiza miaka 12 na alitaka kuja msimu wa vijana, na sikuwa tayari kumpa bega la zambarau. Nikamnunulia raifo nyepesi ya risasi hiyo. Ulikuwa mwaka 2020, korona imepamba moto, rafu za risasi zimekuwa tupu nchi nzima. Nilipata makasha mawili ya ishirini ishirini, na tulizigawa kama sukari ya mgao.

Alipiga kumi kwenye shabaha bila kukunja uso. Msimu wa vijana ulipofika nilikaa kando yake mikono mitupu, kwa kuwa sheria inataka mtu mzima asiyewinda. Jike alikuja, nikanong'ona, "Sasa." Akanong'ona, "Bado, Baba, mbali." Nikanyamaza. Alimsubiri mpaka mita arobaini hivi, akataja jina la Mungu, akavuta mara moja. Nilimfikia angali anahema, nikamchinja. Nyama ya bega haikuharibika hata kidogo. Tuliifanya pilau, majirani wa Kikongo na wa Kisomali wakala, na mtu mmoja akasema ni ng'ombe mzuri.

Msimu wa watu wazima ulipoanza mimi ndiye niliyeiazima. Ya .45-70 niliiuza, na teke la geji 12 mwili wangu uliacha kulingoja taratibu, baada ya misimu miwili. Mjomba nilimweleza, akacheka sana, akasema .458 alinitajia kwa sababu nilimuuliza wao walibeba nini. Ningemuuliza kuhusu swala, angesema vingine. Na kweli sikumuuliza.

Binti sasa ana miaka 17 na bunduki yake haiazimwi tena. Kwa hiyo mimi huenda Januari, kwenye msimu mfupi wa bunduki za kushindilia kwa mdomo. Mzee wa Coshocton ana moja, ya chuma kisichoshika kutu, na baruti yake inakuja kwenye vidonge. Nilipoiona mara ya kwanza nilimwambia inaitwa gobore, na tangu siku hiyo naye anaiita hivyo, kwa lafudhi yake. Ina risasi moja.

Januari iliyopita nilipiga jike mmoja nyuma ya ghala la mahindi. Hatua ishirini na nane. Nilizihesabu mara mbili.